Kokteli ya matunda kwa sikukuu: kazi yake huanza usiku wa kuamkia

Krismasi ya kwanza niliyoandaa nyumbani kwangu, hapa Dar es Salaam, niliwaandalia wageni juisi chungu. Alfajiri nilisaga mananasi, nikamimina maziwa ya kopo ili ipate uzito, nikaisukumia ndoo kwenye friji, tukaenda ibada. Niliporudi nikaonja, ulimi ulikataa. Juisi haikuwa imechacha, tena ilinukia vizuri kabisa, lakini kooni ilibaki kama nimemeza dawa ya majani. Wageni zaidi ya ishirini walikuwa njiani, pilau limeiva, na cha kunywa kilikuwa maji tu.

Sababu yake niliijua baadaye. Nanasi ambalo halijapikwa lina kimeng'enya kiitwacho bromelaini, na kazi yake ni kuvunja protini. Ndicho kinacholainisha nyama ukiiloweka kwenye maji ya nanasi, na ndicho kinachowasha ulimi ukila vipande vingi. Kikikutana na maziwa huzikata protini zake, na vipande vinavyobaki ndivyo vyenye ule uchungu. Ukinywa hapo hapo hutagundua kitu. Juisi inakuwa chungu kadiri inavyokaa. Papai nalo lina kimeng'enya chenye tabia hiyo. Moto huvimaliza vyote viwili, kwa hiyo anayetaka nanasi na maziwa alichemshe nanasi kwanza, au maziwa yaingie kwenye glasi wakati wa kunywa. Kwa ndoo ya watu wengi, maziwa nimeyaacha kabisa.

Aliyenifundisha njia ninayoitumia mpaka leo ni shangazi yangu wa Tanga, ambaye kwa miaka mingi amepika kwenye shughuli za watu: harusi, maulidi, ubatizo, hitima. Nilimpigia simu siku ile ile, shikamoo yangu ikiwa na kilio ndani yake. Akaniambia, "Mwanangu, juisi ya watu wengi haianzi na matunda. Inaanza na sufuria."

Alimaanisha kwamba kokteli inahitaji kwanza maji yenye uchachu, rangi na viungo, yaliyochemshwa na kupoa usiku kucha. Matunda yanakuja juu ya hayo. Wengi wetu tunaanzia kwenye blenda: tunasaga kila kilichopo sokoni, tunaona imekuwa nzito, tunaongeza maji, ladha inapotea, tunaongeza sukari, na mwisho tuna ndoo ya utamu usio na jina. Uchachu ndio unaomfanya mtu aliyeshiba pilau na nyama ya mbuzi atake glasi ya pili.

Mimi natumia rozela iliyokaushwa, ile ambayo wengine huita choya. Kwa watu thelathini nachukua robo kilo. Naisuuza haraka kuondoa vumbi, naitia kwenye maji lita sita yanayochemka pamoja na tangawizi mbichi robo kilo iliyopondwa kwenye kinu na maganda yake, vijiti vitatu vya mdalasini, iliki kumi zilizopasuliwa na karafuu sita. Karafuu hesabu kwa mkono, usimimine kutoka kwenye pakiti. Zikizidi, juisi nzima itanuka kama dawa ya meno, na hakuna kitu kinachoweza kuirekebisha. Ichemke kwa dakika kumi, zima moto, funika, uende kulala. Asubuhi chuja kwa kitambaa safi. Utapata karibu lita tano za maji mekundu, makali, yanayokaza mashavu. Ukikamulia ndimu utaona wekundu unang'aa zaidi, kwa sababu rangi ya rozela hubadilika kulingana na ukali.

Sufuria iwe ya chuma kisichoshika kutu au ya bati la rangi ambalo halijabanduka. Rozela na ukwaju vina asidi ya kutosha kula alumini, na ladha ya sufuria utaikuta kwenye glasi. Na ndoo iwe ile iliyotengenezwa kwa chakula. Ndoo iliyowahi kuwa na rangi ya nyumba, hata uisugue namna gani, usiitilie juisi.

Desemba inatupendelea sisi watu wa Pwani. Mananasi ya Kiwangwa, kule Bagamoyo, yako kwenye msimu, na maembe yamejaa barabarani. Machungwa ya Muheza huja kwa wingi zaidi katikati ya mwaka, ndiyo maana Krismasi siyategemei. Ukali wa kuyafidia naupata kwenye pasheni. Idd ikiangukia miezi ya machungwa nafanya kinyume chake: maembe hayapo, machungwa ndiyo yanajaza ndoo, na mara nyingi rozela inaipisha ukwaju uliolowekwa na kuchujwa. Ukishaelewa kwamba kuna maji ya uchachu chini na tunda la msimu juu, huhitaji kukariri vipimo vya mtu.

Vyangu vya Krismasi ni hivi. Mananasi manne makubwa, yaliyosagwa na kuchujwa, hutoa karibu lita tatu. Nunua siku mbili kabla, na unuse kitako cha nanasi: likinukia utamu, limeiva, likinuka kama pombe, limepita. Rangi ya ganda inadanganya, nimeona ya kijani yaliyo matamu na ya njano yasiyo na kitu. Pasheni kilo mbili, nakamua nyama yake na kuiweka kwenye blenda pamoja na maji kidogo, lakini swichi naigusa mara mbili tatu tu, basi. Ukiacha blenda izunguke, zile mbegu nyeusi zinapasuka, juisi inakuwa na mchanga na ukakasi. Maembe yenye nyuzi nasaga na kuchuja nipate kama lita mbili. Embe dodo mbili tatu nazikata vipande vidogo vya kuelea juu. Ukijumlisha na yale maji ya rozela na maji ya baridi yaliyochemshwa, lita tatu hivi, unafika karibu lita kumi na tano: glasi mbili za robo lita kwa kila mgeni.

Vipande vya kuelea vikatwe saa ambayo wageni wanakaribia, si asubuhi. Tikiti maji linapendeza machoni lakini hutoa maji yake na kulegea, hivyo linaingia la mwisho kabisa. Ndizi siweki, hugeuka nyeusi na kufanya juisi iteleze. Parachichi ni tamu kwenye glasi ya kibandani, iliyopangwa kwa tabaka na kunywewa hapo hapo. Ndani ya ndoo linaharibu kila kitu.

Sukari nayo ina utaratibu wake. Usiimwage kavu kwenye juisi ya baridi, itatuama chini, na atakayechota mwisho atakunywa asali. Yeyusha kilo moja kwenye nusu lita ya maji ya moto, iache ipoe, kisha ongeza kidogo kidogo huku ukionja. Onja juisi ikiwa tayari ina baridi, kwa sababu baridi hupunguza utamu mdomoni. Juisi uliyoipima ikiwa ya uvuguvugu itaonekana haina sukari mezani. Natia na chumvi kidogo sana, ile ya kubana kwa vidole viwili. Haionekani, lakini embe linasikika zaidi. Kabla ya sukari kuingia, chota jagi moja uweke pembeni. Karibu kila familia ina mzee mwenye kisukari anayekaa sikukuu nzima akishika glasi ya maji huku wengine wakinywa. Matunda yenyewe yana sukari, kwa hiyo na yeye atapata kidogo, lakini atakuwa amekunywa tulichokunywa wote.

Sasa barafu. Hapa ndipo juisi nyingi nzuri zinapokufa. Vipande vidogo vya barafu kwenye joto la Desemba havikai nusu saa, na kila kinachoyeyuka ni maji ndani ya kazi yako ya usiku kucha. Njia yangu ni mbili. Ya kwanza, naacha lita moja ya yale maji ya rozela na kuyagandisha kwenye bakuli kubwa; pande moja kubwa huyeyuka polepole kuliko vipande vingi, na linapoyeyuka linaongeza ladha. Ya pili, nachukua chupa mbili za maji za lita moja na nusu, nazijaza bila kufika shingoni kwa sababu maji hutanuka yakiganda, nazigandisha siku mbili kabla ili umeme ukikatika nisihangaike, kisha naziosha vizuri kwa nje na kuzisimamisha ndani ya ndoo zikiwa zimefungwa. Zinapoza bila kuongeza tone. Mabonge ya barafu ya kupozea samaki yanafaa kuzungushia ndoo kwa nje, ndani ya beseni. Ndani ya kinywaji yasiingie, maana hujui maji yake yametoka wapi. Nimewahi kuuguza watoto wawili baada ya sherehe kwa sababu ya barafu ya kununua, na tangu siku hiyo hakuna anayenishawishi.

Wanaopenda gesi naweka soda ya tangawizi pembeni. Stoney ikimiminwa polepole ukingoni mwa glasi iliyojaa kokteli robo tatu inafaa sana. Ukiimwaga kwenye ndoo gesi yote inatoka ndani ya dakika chache na fedha yako imekwenda.

Kuhusu kilevi nina msimamo. Nyumba yangu, kama nyumba nyingi za mji huu, Krismasi inajaa majirani Waislamu, na mimi Idd nakula kwao. Ndoo yangu haina pombe, na upawa wake haugusi chombo chenye pombe. Mwenye kutaka aongeze kwenye glasi yake mwenyewe, mbali na meza ya juisi. Jirani yangu mmoja, mama mtu mzima, alinywa glasi tatu mwaka jana. Aliniambia amezoea kubeba chupa yake ya maji kila anapoalikwa, ili asianze kuuliza kilichomo na kumtia mwenyeji aibu. Kwangu chupa haikutoka mkobani.

Usitoe ndoo yote mezani kwa mara moja. Mimi natoa kwa jagi kubwa, iliyobaki inakaa kwenye friji, kwa sababu matunda yaliyosagwa hayavumilii joto letu. Jagi likikaa mezani zaidi ya muda wa saa moja na baridi imekwisha, silirudishi kwenye ndoo.

Kile kinachobaki safi kwenye friji nakimimina usiku ule ule kwenye vikombe vidogo, nachomeka vijiti, nagandisha. Tarehe 26 watoto wa mtaa wanajua. Kuanzia saa nne asubuhi wanapita mmoja mmoja getini, "Shikamoo mama, lambalamba zimeganda?"