Maswali ya wasomaji: mtoto wa mbwa ale nini?

SWALI: Habari za kazi dokta. Mi nipo Kigamboni, wanangu wameletewa mtoto wa mbwa na mjomba wao, ana miezi miwili, tunaambiwa ni mchanganyiko wa German Shepherd. Sasa kila mtu ana lake hapa. Baba watoto anasema mbwa ni ugali na makombo, kwao Singida hawajawahi kula kingine na wapo, jirani anasema maziwa ya ng'ombe kila asubuhi ndo afya, tumempa anaharisha tu, halafu kijana wa duka la dawa za mifugo anataka ninunue mfuko wa kilo 15 ambao bei yake tu inanitisha. Nishike lipi? – Mama Wawili, Kigamboni

JIBU: Nzuri mama, na hongereni kwa mgeni. Maziwa acha leo leo. Mtoto wa mbwa akishaachishwa kwa mama yake tumbo lake linapoteza uwezo wa kusaga ile sukari iliyomo kwenye maziwa ya ng'ombe, ndo maana anaharisha, mpe maji safi tu muda wote. Ila kama umeacha maziwa na bado anaharisha, au unaona damu, anatapika, amenyong'onyea hataki kula, usisubiri kesho, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo maana umri huo parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo wa mbwa, inaua haraka sana na maji mwilini yanaisha ndani ya muda mfupi.

Sasa baba watoto. Anachosema amekiona kweli ila kuna kitu anakisahau, mbwa wa Singida anashinda porini na mashambani, anakula panya, kumbikumbi, mabaki ya mbuzi aliyechinjwa, mayai ya kuku wa watu, anarudi jioni anamalizia na ugali. Huo ugali ulikuwa nyongeza tu. Na hata hivyo wengi wanakufa wadogo, tunaowaona ni wale waliopona. Wa kwako yupo ndani ya geti, hawezi kujitafutia chochote, kile unachoweka kwenye bakuli ndo dunia yake nzima, kwahiyo kikikosekana kitu kwenye bakuli mwilini nako kinakosekana, na huyu yupo kwenye miezi ambayo mifupa inarefuka kila wiki.

Ugali sio sumu, shida ni kwamba unashibisha bila kujenga. Ukitaka kumpikia nyumbani inawezekana kabisa, fanya karibu nusu ya chakula iwe dagaa, nyama, mayai ya kuchemsha au vichwa vya kuku vilivyochemshwa mpaka vinasagika vyote, inayobaki ndo iwe ugali laini au wali, na mboga kidogo kama boga au karoti iliyopondwa. Dagaa ni rafiki yako mkubwa hapo kwasababu analiwa mzima na mifupa yake, maana yake kalsiamu inaingia humo humo. Waloweke kwanza, wasuuze vizuri mchanga na chumvi vitoke, kisha uwachemshe. Siku unapika nyama tupu isiyo na mfupa, hapo kalsiamu hakuna, saga maganda ya mayai yaliyochemshwa na kukaushwa mpaka yawe unga laini kabisa, weka nusu kijiko cha chai kwa kila nusu kilo ya chakula. Watoto wa mbwa wanaolishwa nyama tupu miguu inapinda na mifupa inavunjika kirahisi, nyama ina fosforasi nyingi halafu kalsiamu kiduchu, mwili unaamua kuichomoa kwenye mifupa yenyewe.

Ila usizidishe! Hili nasisitiza kwasababu wako ana damu ya German Shepherd. Jamii kubwa zikipewa kalsiamu nyingi kuliko mahitaji mifupa na viungo vinakua vibaya, na mtoto wa mbwa mdogo mwili wake haujui kuikataa ile iliyozidi, inaingia yote. Na usimnenepeshe, akue taratibu. Mpapase mbavu, uzisikie kwa vidole kirahisi lakini macho yasizihesabu.

Unga nao uuangalie. Watu wengi wanawapa mbwa mahindi yaliyooza, chenga zenye ukungu, pumba ya siku nyingi, eti ni ya mbwa tu. Ukungu ule unatengeneza sumukuvu, ndo hiyo hiyo iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na mbwa ini lake linaathirika nayo vibaya mno. Kupika hakuiondoi. Unga usioweza kumpa mwanao usimpe na mbwa.

Makombo: mchuzi wetu una vitunguu, na kitunguu hata kikiiva kinaharibu chembe nyekundu za damu za mbwa. Mtengee chake kabla hujaunga. Na kwakuwa una watoto ndani waambie chokoleti na zabibu kavu wasimpe kabisa, ni sumu kwake.

Ule mfuko wa kilo 15 sasa. Ni njia nzuri kama mfuko wenyewe ni mzuri, wala usione aibu kusimama dukani ukasoma. Tafuta palipoandikwa puppy, junior au growth, chakula cha mbwa wazima hakimfai. Protini kwa vipimo wanavyotumia Marekani isipungue asilimia 22.5 kwa mbwa anayekua, wakati mzima inamtosha 18, na kwa wako uone kama wametaja jamii kubwa, yaani mbwa atakayefika kilo 32 kwenda juu. Angalia tarehe ya mwisho. Na usinunue kwa wanaopima kilo kilo kutoka kwenye mfuko uliokaa wazi, kwa unyevu huu wetu wa pwani mafuta yanachacha na ukungu unaingia. Kama mfuko mkubwa unakuzidi chukua mdogo uliofungwa, au asubuhi na jioni mpe wa dukani na mchana dagaa wako, inakubalika kabisa. Ila akishakula cha dukani kwa wingi usiongeze unga wa maganda, kalsiamu imeshawekwa humo. Kubadili chakula fanya kidogo kidogo kwa wiki nzima.

Alafu minyoo. Wengi huzaliwa nayo, inapita kwa mama tumboni, na mbwa mwenye minyoo unamlisha anakuwa tumbo tu, mwili hauendi. Dawa ni kwa uzito wake, na watoto wanawe mikono kila wakimshika kwasababu mayai ya minyoo hiyo yanawaingia na wao.

SWALI: Dokta mi kijana wa Arusha, nina mbwa wa miezi mitatu nataka awe mkali alinde gereji. Washkaji wananiambia nimpe mapafu na utumbo mbichi toka machinjioni na pilipili kwenye chakula. Ni kweli?

JIBU: Hapana mdogo wangu. Pilipili inamuunguza tumbo tu, na nyama mbichi haimfanyi mkali, ulinzi unatokana na kuzaliwa na kufundishwa. Lakini kinachonitia hofu zaidi ni hayo mapafu. Ukiona kwenye mapafu au maini ya kondoo, mbuzi au ng'ombe kuna vifuko vya maji, humo kuna watoto wa tegu, mbwa akila mabichi tegu wanakomaa tumboni kwake, mayai yanatoka na kinyesi, ukiyameza wewe kwa mikono michafu vile vifuko vinaota kwenye ini lako au mapafu. Ugonjwa huu unajulikana sana kwa wafugaji, Turkana kule Kenya na hata Umasaini hapo jirani na wewe. Chemsha kila kitu kiive mpaka ndani, vyenye vifuko achana navyo kabisa vifukiwe, na umwambie daktari akupe dawa inayoua tegu, sio zote zinawaua.

SWALI: Mapanki ya sangara yanafaa kwa mbwa wa miezi minne? Na ale mara ngapi? – Mwanza

JIBU: Yanafaa, yana protini nzuri na hapo kwenu ni bei rahisi, ila ule mfupa wa mgongo ni mgumu na unachoma kooni. Chemsha muda mrefu, nyofoa nyama ya kichwa na mbavuni, mfupa wowote usiovunjika kwa vidole utupe, nyama changanya na ugali. Miezi minne mpe mara tatu kwa siku, akifika sita mara mbili. Asipomaliza ndani ya dakika ishirini ondoa bakuli, samaki akikaa kwenye joto anaharibika.