Kisu cha kwanza cha kambi na bustani: hicho chenye dira kwenye mpini kiache

Swali: Shikamoo fundi. Niko Iringa, nataka kununua kisu changu cha kwanza, kile kisichokunja, nitumie tukienda kupiga kambi Udzungwa na pia bustanini nyumbani. Bajeti haizidi 50,000. Nimeona kimoja kikubwa kizito, kina meno mgongoni, mpini una uwazi ndani umewekwa dira, viberiti na ndoano. Kimeandikwa stainless. Nichukue?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Usichukue. Visu vya aina hiyo naletewa kila mara vikiwa vipande viwili, mwenyewe anaomba nichomelee kidogo tu, na hata nikichomelea ule moto unaua ugumu wa chuma kwaiyo ni kazi bure. Mpini ukiwa na uwazi mara nyingi maana yake chuma cha kisu kimeishia pale mpini unapoanzia, kimeshikwa na nati au gundi, siku unapasua kuni bapa linachomoka na mkono wako uko hapohapo. Chuma kinatakiwa kiingie ndani ya mpini, kikifika mwisho ni vizuri zaidi ila sio lazima, visu vingi vya Morakniv, kampuni ya Sweden, chuma chake hakifiki mwisho wa mpini na watu wanavifanyia kazi miaka mingi.

Sasa hili la ukubwa ndio linanichosha. Watu wanapima kisu kwa kilo! Hiyo Mora Companion, mojawapo ya visu vya hao Morakniv, bapa lake lina sentimita 10 na kidogo, unene milimita 2.5 tu, na inachonga mti vizuri kuliko hilo dude lako manake makali membamba ndio yanakata, chuma kinene kinasukuma tu. Meno ya mgongoni hayakati tawi la maana, na ukitaka kupasua kijiti kwa kugonga kisu mgongoni na gogo yanakula gogo lako. Matawi makubwa na migomba hiyo ni kazi ya panga, nunua panga hata Tramontina ya kawaida, kisu kibaki na kamba, viroba vya mbolea, kuchonga vigingi vya hema na kumenya chakula. Na usichimbie udongo.

Stainless nayo isikudanganye, kijiko cha chai nacho ni stainless. Hilo neno linakwambia chuma kina kromiamu ya kuzuia kutu, halikwambii kama kitashika makali. Kinachotengeneza kisu ni kaboni ya kutosha halafu joto, yaani chuma kipashwe mpaka kiive, kizimwe kwenye mafuta, kisha kirudishwe motoni taratibu, kama nyuzi 200 hivi, kisiwe cha kuvunjika kama kioo. Ndio maana kwa bajeti yako mimi ningeenda kwa muhunzi anayefua springi za gari, hicho chuma ni kizuri sana kwa kisu. Ila muulize amekizima kwenye nini, akibabaika ondoka, wapo wanaofua nondo wanakwambia ni springi, na nondo za kawaida hazikazi vya kutosha kwa kisu. Nenda na tupa, pitisha kidogo karibu na makali, ikiteleza chuma kimekaza, ikiuma kirahisi rudisha. Kitashika kutu ukikitelekeza, kifute, pakaza mafuta ya kula, basi. Ungekuwa Tanga au Mtwara na ile hewa ya chumvi ningekwambia utafute stainless nzuri.

Na hao wanaouza visu vyenye mawimbi wanaita Damascus, yaani chuma cha tabaka zilizofuliwa pamoja, kwa bei ya chapati, mengi ni michoro ya asidi juu ya chuma laini. Ukipiga msasa hata mawimbi ya kweli yanafifia, ila ukipaka asidi tena ya kweli yanarudi, ya kuchora hayarudi.

Halafu ukishapata kisu kizuri usikipeleke kwa jamaa wa grenda. Nawaomba wote mnaosoma, sio huyu kijana peke yake. Cheche zinaruka mnafurahi kinanolewa haraka, kumbe makali yakishageuka bluu yamefika kama nyuzi 300, ugumu umeondoka na haurudi kwa kunoa, mwezi ujao mnasema kisu kilikuwa feki. Nunua jiwe la kunolea lenye pande mbili, maji kidogo, shika mlalo uleule, dakika kumi zinatosha. Na fundi akishakuunguzia makali usimpe hela ya kunoa tena, sehemu iliyounguzwa yote lazima isagwe itoke taratibu kwa maji mpaka ufike kwenye chuma kizima.