Oili ya giaboksi ya IST haipimwi injini ikiwa imezimwa

Mie gari yangu ni Toyota IST ile ya mwanzo, giaboksi oto (inayobadili gia yenyewe) ya gia 4. Mwaka juzi nilikuwa nampeleka mama msibani Lushoto, tumetoka Tanga alfajiri, Muheza, Korogwe, mpaka Mombo gari haina neno, tukaanza kupanda kile kilima na kabla hatujafika Soni kwenye kona moja nakanyaga mafuta injini inalia, mshale unapanda, gari haiendi. Inasita kidogo halafu inakamata kwa kishindo mpaka shingo inarudi nyuma. Mama anasoma dua, nyuma yetu lori linapiga honi. Nikasogea pembeni nikaweka P, jasho linanitoka na kule ni baridi.

Siku 10 kabla yake gari ilikuwa gereji imebadilishwa oili ya giaboksi. Nilikuwepo kabisa, fundi alimwaga akajaza, akachomoa stiki ya kupimia oili injini imezimwa, ikaonyesha imejaa, akaniambia bosi tayari. Sasa pale Soni akasimama dereva mmoja wa Hiace, akaniuliza umepima? Nikamwambia nimepima kabla ya safari imejaa. Akasema, "Washa kwanza kaka, ndio upime." Nikawasha, nikafuta stiki, nikachomoa tena, oili imegusa kincha tu. Tukamtuma kijana wa bodaboda Mombo akaleta lita moja, tukaongeza kidogo kidogo tunapima, na gari ikapanda mpaka Lushoto kama hakuna kilichotokea.

Nimeandika haya kwa sababu kosa hili naliona kila siku hapa mjini Tanga, watu wanajuta wamenunua gari oto kumbe giaboksi nzima haina tatizo ila ina kiu. Ndani ya giaboksi oto kuna pampu, inavuta oili kutoka kwenye sampu (ile trei ya oili iliyo chini ya giaboksi) kupitia filta na kuisukuma kwenye toki konveta (kiungo kati ya injini na giaboksi), kwenye njia za gia na kwenye sehemu ya kupoza oili, na presha ya hiyo oili ndio inayobana plet za klachi, zile sahani zinazoshika gia. Ukizima injini sehemu ya ile oili inarudi chini kwenye sampu, kwa hiyo stiki inaona nyingi. Ukiwasha pampu inaivuta juu, sampu inapungua, na hicho ndicho kiwango cha kweli. Ikiwa pungufu, barabara ya tambarare kama hii ya kwenda Pongwe husikii kitu, lakini ukipanda mlima oili inajikusanya upande mmoja, filta inanyonya hewa, presha inaanguka, plet zinateleza, na plet zikiteleza zinaungua. Ningelazimisha kupanda siku ile ningerudi na giaboksi ya kutupa.

Tangu hapo nabadili mwenyewe uani nyumbani Sahare, oili na filta yake, kila kilomita 40,000. Nawaeleza ninavyofanya.

Kwanza oili yenyewe. Hapa kwetu duka nyingi ukisema haidroliki (ndivyo tunavyoiita oili ya giaboksi oto) unapewa yoyote nyekundu, na rangi hiyo ni rangi tu wameitia, haikwambii kitu. IST yangu inataka Type T-IV, na imeandikwa kwenye stiki yenyewe, kwa hiyo usibishane na mtu, chomoa stiki usome. Kuna Toyota za baadaye zinataka WS, hiyo ni nyepesi zaidi na haiingii badala ya T-IV wala T-IV haiingii badala yake. Na kama gari yako ni CVT, giaboksi oto ya mkanda isiyo na gia za kuhesabu, basi oili yake ni nyingine kabisa, ukitia hii unaiua. Nunua iliyofungwa yenye sili, ile ya kupimiwa kwenye chupa ya maji achana nayo hata ukiambiwa ni ya Japani. Mie nanunua lita 4 kwa zamu moja, na filta na gasketi ya sampu nakwenda dukani na namba ya chesisi ili nisiuziwe ya giaboksi nyingine.

Gari ipashe moto kidogo, zunguka mtaani dakika 10 hivi, oili ya uvuguvugu inamwagika vizuri na inabeba uchafu, lakini isiwe imetoka safari maana itakuunguza mkono na ekzosi iko hapo hapo. Uwanja uwe tambarare. Nyanyua kwa jeki gari ikae kwenye stendi, na hapa nasema kwa nguvu zote, usiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake na usiweke tofali, tofali la saruji linapasuka bila kutoa taarifa. Asiye na stendi aazime, mafundi wengi wanakubali.

Fungua nati ya kumwagia, oili iangukie kwenye beseni. Hiyo beseni usimwage! Isubiri kuchuruzika iishe, kisha mimina kwenye chupa zenye alama za lita uandike imetoka kiasi gani, kwangu hutoka kama lita 3, ikizidi kidogo ni ile ya kwenye sampu na filta. Kiasi kilichotoka ndicho utakachorudisha kwanza, ndio mwanzo wa kutokosea.

Halafu sampu. Bolt zake zinafunguliwa na soketi ya 10, ni nyembamba na zinaingia kwenye aluminiamu, fungua zote taratibu ukiacha mbili za kona mwisho, sampu ikishuka upande mmoja inamwaga kilichobaki, uwe na beseni tayari na uso wako usikae chini yake. Ikigoma imegandana na gasketi, igonge pembeni na kipande cha mbao, usitie bisibisi katikati ukachubua ule uso, mchubuko mdogo tu itavuja milele.

Sasa sampu ikiwa mkononi usikimbilie kuiosha. Ndani kuna sumaku ndogo ndogo zimekaa chini, na hizo ndizo zinazokueleza hali ya giaboksi yako kuliko fundi yeyote. Za kwangu mara ya kwanza zilikuwa zimevaa tope jeusi la kijivu, laini kabisa kama wanja, nikasugua katikati ya vidole viwili halichomi halikwaruzi. Hilo ni la kawaida, ni chuma kinacholika polepole kwa miaka. Ukikuta vipande vinavyochoma kidole, au vimemeta vya shaba, au nyuzi nyuzi nyeusi za plet nyingi, basi mzigo upo ndani na oili mpya haitauponya. Nusa pia oili ya zamani, nzima inakuwa imefifia kutoka wekundu wa juisi ya rozela kwenda rangi ya chai ya rangi, lakini ikiwa nyeusi na inanuka kuungua na gari ilikuwa inateleza tayari, usimdanganye mtu wala usijidanganye kwamba kubadili kutarudisha plet zilizoungua.

Filta imeshikwa na bolt chache, ukiifungua itamwagika tena oili kidogo. Angalia kama oringi yake (mpira wa duara wa kuzuia kuvuja) imebaki juu, itoe, mpya ipake oili kidogo kabla ya kuirudisha. Sumaku safisha rudisha mahali pake pale pale, nishawahi kuona mtu kazisahau mezani. Uso wa giaboksi futa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Gasketi mpya ikae kavu, bolt anza zote kwa mkono, kisha kaza kidogo kidogo kwa kuvuka kona na kona, mkono wa kawaida tu wa racheti fupi, anayekaza kwa nguvu zote ndiye anayeng'oa uzi wa aluminiamu na hapo kazi ya saa mbili inakuwa ya wiki mbili.

Kujaza ni kupitia tundu la stiki kwa faneli ya shingo nyembamba. Rudisha kile ulichopima, washa injini, gari iko P, breki umekanyaga, peleka gia kutoka P mpaka L na kurudi, kila gia usubiri sekunde chache. Kisha itembeze barabarani, mie naenda hadi Pongwe na kurudi, ili iwe moto kamili, iache sailensi, yaani injini inaunguruma bila kukanyaga mafuta, stiki ifute, ichomeke, ichomoe. Isome kati ya alama mbili za HOT, zile za COLD hazihesabiki sasa. Pungufu ongeza robo lita kwa mara, ikizidi inatoa povu na povu halibani plet, kwa hiyo ile ya ziada inabidi itolewe.

Kwa kumwaga hivi unabadili karibu nusu tu, nyingine iko kwenye toki konveta. Ndiyo maana mie nikitumia gari wiki kama 2 namwaga tena kwa nati tu bila kufungua sampu, narudisha kiasi kile kile, mara ya pili inakaribia robo tatu mpya na rangi unaiona kabisa inarudi. Wenye Honda mjue nyingi hupimwa injini ikiwa imezimwa ingali moto, na Toyota zisizo na stiki hupimwa kwa njia nyingine, kwa hiyo soma kitabu cha gari yako, usichukue cha kwangu.

Oili chafu usimwage mchangani, sisi wa Sahare visima viko karibu. Ifunge kwenye dumu upeleke gereji wanaoikusanya. Na jioni ile ile laza kipande cha boksi chini ya giaboksi ulale. Asubuhi kukiwa na tone jekundu kaza bolt za upande huo robo mzunguko, kukiwa pakavu nenda kazini.