Vituo vya hesabu darasani: watoto 72, kipindi cha dakika 30, vizibo na chelewa

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafundisha darasa la pili hapa Bagamoyo, nina watoto 72. Muhula huu nimeanza kuweka vituo vya michezo ya hesabu, nyoka na ngazi, kuhesabu vizibo, kaduka kadogo, watoto wanafurahi sana ila nikiwapa zoezi la daftari wanafeli vile vile, na muda unaisha kabla hawajazunguka vituo vyote. Kelele nazo mwalimu mkuu kashaniuliza. Niendelee au niache?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usiache hata kidogo, ila vituo vyenyewe inabidi uvifumue uvipange upya, na ntaanza na hilo la kufeli maana ndo kubwa, mambo ya muda na kelele yanarekebishika.

Angalia hiyo nyoka na ngazi. Mtoto yuko namba 27, anarusha dadu inakuja 5, anafanyaje? Anasogeza kete moja, mbili, tatu, nne, tano, anafika 32 bila kujua kwamba kajumlisha kitu. Yaani anaweza kucheza mwezi mzima na akashinda kila siku na asijumlishe hata mara moja. Kwa iyo swali la kwanza la kujiuliza kwa kila mchezo unaoweka mezani ni hili: je mtoto anaweza kushinda bila kufanya ile hesabu ninayoifundisha? Kama anaweza basi huo ni mchezo tu, mzuri kwa mapumziko, lakini usiuandikie andalio la somo. Sio lazima uutupe, badilisha sheria moja tu, kabla hajagusa kete atamke, "niko 27, nimepata 5, naenda 32", mwenzake anahakikisha, akikosea anabaki alipo. Hapo hapo utaona wanaanza kufikiri, na wewe utajua nani bado anahesabu kwa vidole kuanzia moja na nani ameshajua kuanzia kwenye 27.

Sababu ya pili ya kufeli ni kwamba wanaruka kutoka kwenye vizibo moja kwa moja hadi kwenye tarakimu. Yule mwanasaikolojia wa Marekani Jerome Bruner aliandika miaka ya 1960 kwamba mtoto anaelewa kitu kwa kukishika, halafu kwa picha, halafu kwa alama, na sisi wengi tunaisahau ile ya katikati. Kila kituo kiwe na daftari, na mtoto akimaliza zamu yake achore alichofanya, viduara tu vinatosha, na chini yake aandike sentensi ya hesabu. Sentensi 4 kwa kipindi zinatosha kabisa. Mtoto asiyeandika chochote kituoni ndo huyo huyo anakushangaza kwenye zoezi.

Sasa vituo vyenyewe. Mimi ningekushauri uanze na vitatu tu.

Cha kwanza fremu ya kumi, na hii ukiifanya vizuri itakutatulia nusu ya matatizo ya kujumlisha. Nenda kwa wauza chipsi uombe trei za mayai, zile za karatasi, trei moja ina nafasi 30 yaani 6 kwa 5, ukiikata mara mbili unapata vipande 3 kila kimoja kina mistari 2 ya nafasi tano tano, hizo ndo kumi zako. Wape watoto wawili fremu mbili na vizibo 20. Hesabu ni 8 + 5. Mtoto anaweka 8 kwenye fremu ya kwanza na 5 kwenye ya pili, anaona kwa macho yake kwamba ya kwanza ina matundu 2 matupu, anachukua 2 kutoka kule kwenye tano anaziba, ya kwanza imejaa, ya pili zimebaki 3. Kumi na tatu. Usimwambie wewe kwamba ahamishe mbili, muulize tu "hii ikijaa itakuwaje?" na umwache, baadhi watachukua muda mrefu mpaka utatamani umsaidie, usimsaidie. Akiandika 8 + 5 = 10 + 3 = 13 basi huyo kesho ukimpa 9 + 6 hatatafuta vidole.

Cha pili mafungu ya chelewa, cha kutoa. Kata chelewa za ufagio vipande vya urefu wa kidole, ncha kali zitoe, funga kumi kumi. Huku kwetu Tanga tunafungia nyuzi za mkonge, huko tumia rababendi au uzi wowote unaofunguka kirahisi. Mpe mtoto 32 − 17. Kwenye daftari wengi watakuandikia 25, unajua kwanini? Wanaona 2 na 7, wanatoa ndogo kwenye kubwa wanapata 5, halafu 3 toa 1 ni 2. Huwezi kulimaliza kosa hilo kwa kusema "azima" ubaoni, maana mtoto hajui anaazima nini wala anarudisha lini. Mezani ana mafungu 3 na vijiti 2 vya peke yake, unamwambia nipe 17. Fungu moja anatoa haraka. Halafu anatafuta 7, hazipo, ziko 2 tu. Anakuangalia. Mwachie aangalie mafungu. Akifungua fungu moja ana vijiti 12, anatoa 7, zinabaki 5 na fungu 1, jibu 15, na ile 25 haiwezi kutokea hapa kwa sababu vijiti havikubali. Hiki ndo kituo ambacho wewe mwenyewe unakaa. Usizunguke darasa zima ukisema "fanyeni fanyeni", kaa hapo, vituo vingine viwe vya mambo ambayo tayari wanayaweza kidogo.

Cha tatu tunakiita Nani Mkubwa. Vizibo 10 vimeandikwa 0 mpaka 9 kwa makapeni ndani ya mfuko wa kitambaa. Kila mtoto amechora vyumba viwili, makumi na mamoja. Anachomoa kimoja na LAZIMA akiweke kwenye chumba kabla hajachomoa cha pili, na akishaweka hahamishi. Ukichomoa 4 unaweka wapi? Hapo kuna mtoto atakaa anafikiri kweli kweli. Mwenye namba kubwa anapata pointi, wote wanaandika namba zote mbili na alama ya > au < katikati. Wakichoka sheria geuza, mdogo ndo ashinde.

Kaduka kako kazuri, ila kasubiri hivi vitatu vikae sawa. Ukikarudisha, chenji wairudishe kama wauzaji wa sokoni wanavyofanya, kitu cha 700 kalipa 1000, anahesabu 800, 900, 1000, ni mia tatu.

Muda: usizungushe vituo ndani ya kipindi kimoja. Dakika 30 ukizungusha vituo vitatu, kuhama tu kunakula nusu. Gawa hivi, madawati mawili yatazamane watoto 6, una makundi 12. Leo makundi 6 yako kwenye vituo (kila kituo unakiweka mara mbili) na makundi 6 yanafanya zoezi la daftari kimya, kesho wanabadilishana. Kundi linakaa kituo kimoja kipindi kizima. Vipindi 6 darasa zima limepita vituo vyote vitatu, wala hujakimbizana na mtu. Na ndani ya kundi la 6 wacheze wawili wawili, kila wawili na vifaa vyao, hili nalisisitiza sana maana dadu moja kwa watoto sita maana yake mmoja anarusha watano wanangoja, na mtoto anayengoja ndo anaanza fujo.

Kelele sasa. Wiki ya kwanza usifundishe hesabu mpya, fundisha vituo, nani anachukua mfuko, mnahesabu vipi vizibo vikiwa 20 kabla ya kurudisha (wahesabu mbili mbili au tano tano, hiyo nayo hesabu), ukipiga makofi matatu mikono yote kichwani. Rudieni mpaka mchoke. Dadu na vizibo vikigonga dawati vinapiga kelele sana, omba vipande vya kitambaa kwa mafundi cherehani utandike, tofauti utaisikia siku hiyo hiyo. Na mwalimu mkuu mkaribishe akae kwenye kituo cha chelewa dakika 10, umwonyeshe na daftari za watoto za kabla na za sasa. Mthibiti ubora (yule mkaguzi wa shule) akija pia atataka kuona maandishi, kwa iyo hizo daftari za vituo zitunze vizuri.

Kuna mchezo mmoja hauhitaji hata kununua kitu, mdako. Kokoto 10 shimoni, mtoto akishazoa mwenzake anauliza "nje ngapi, ndani ngapi?", 7 na 3, 6 na 4. Nje chini ya mti, nusu ya darasa, siku ambayo vifaa vingine havijakamilika.

Vizibo vioshe kwa sabuni kwanza, vikibaki na soda sisimizi watahamia kabatini, na kingo zake zigonge kwa nyundo zilale zisiwakate vidole. Watoto wa darasa la awali wakiomba kuazima, mbegu za mkwaju na komwe usiwape kabisa, wanaziingiza puani, wape vifuniko vikubwa vya chupa za maji au magunzi. Kesho anza na fremu ya kumi peke yake kwa darasa zima, ukishaona wanaandika bila kukuuliza ndo uongeze chelewa.