Baba alikuwa fundi baiskeli. Wasifu wake niuandikeje?

SWALI

Shikamoo Mama. Baba yetu alifariki mwaka jana, na mwezi ujao tunafanya ibada ya kumbukumbu hapa Newala. Alikuwa fundi baiskeli na muuza spea sokoni tangu kabla sijazaliwa. Siku ya mazishi ilisomwa historia fupi: alizaliwa, akasoma mpaka darasa la saba, akaoa, ameacha mjane, watoto sita na wajukuu. Ilikwisha watu hawajakaa vizuri. Safari hii kazi ya kuandika nimepewa mimi. Kaka yangu, ambaye ni mwalimu, anataka niandike "mfanyabiashara maarufu na mcha Mungu". Habari za kuziba pancha anaona zitatuaibisha. Wapwa zake baba nao wanataka watajwe. Halafu kuna daftari la madeni, watu wengi hawajalipa, na kaka anasema lisomwe siku hiyohiyo. Nifanyeje?

Msomaji, Newala

JIBU

Marahaba mwanangu, na poleni tena.

Pancha itaje. Itaje mapema, kabla hujafika kwenye ndoa na wajukuu. Baba yenu alikaa miaka yote hiyo na karai la maji mbele yake, akizamisha tyubu ya baiskeli ya mtu na kutafuta mapovu yanatokea wapi, akikwangua kwa msasa, akipaka solusheni na kungoja ikauke huku mwenye baiskeli anamharakisha. Ada ya chuo ya huyo kaka yako ilitoka kwenye karai hilo. Mwambie namheshimu, lakini "mfanyabiashara maarufu" anaweza kuandikwa mtu yeyote. Mimi nataka nimsikie baba yenu.

Nimezaliwa Lindi, ila usichana wangu niliupitisha Newala kwa shangazi, na najua baiskeli ni kitu gani huko juu. Uwanda wa Makonde ni mkavu. Zamani maji yalifuatwa mabondeni, na hata mradi wa maji ulipoanza kuyasukuma kutoka chanzo cha Mitema, yalikuwa na siku zake za kutoka na siku zake za kukatika. Madumu matatu ya lita 20 kwenye keria ni kilo 60, na njia ni mchanga na kilima. Gurudumu la nyuma likipinda, nyumba hiyo haipiki mpaka fundi alinyooshe. Fundi wa shangazi, mzee wa enzi za kabla ya baba yenu, alikuwa akimaliza kufunga spoku anazigonga kwa ukucha, mojamoja, anasikiliza mlio. Iliyolegea aliijua kwa sikio, akaikaza. Baba yenu naye lazima alikuwa na namna yake. Waulize vijana aliowafundisha kazi. Waulize pia alifanya nini bodaboda zilipojaa mjini na wateja wakapungua, maana mafundi wengi walifunga hapo na yeye, kwa maelezo yako, hakufunga.

Kisha andika habari za msimu, na hapa usiwe na haraka. Kwenu fedha inakuja na korosho. Katikati ya mwaka mkulima amemaliza akiba yake kwenye salfa, dawa ya mikorosho, na palizi, na ndiyo miezi hiyo mnyororo unapokatika. Fundi ananunua tairi na minyororo kwa fedha taslimu Masasi au Mtwara mjini, anamfungia mkulima kwa ahadi ya "korosho zikitoka", kisha anakaa kungoja Oktoba. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza mkoani Mtwara mwaka 2007, mkulima akipeleka mzigo ghalani anarudi na risiti, harudi na fedha mfukoni. Anasubiri mnada, anasubiri chama cha msingi cha ushirika, anasubiri benki, na fundi anasubiri nyuma yake. Msimu wa 2018/2019 bei ilitangazwa shilingi 3,300 kwa kilo, watu wakafurahi, halafu wengi wakakaa miezi bila kuona malipo. Kaeni ndugu wote sita mkumbuke mwaka ule. Mlikula nini? Nani alirudishwa shule kwa ada? Kama hakuna aliyerudishwa, fedha ilipatikana mahali: pengine aliuza kitu, pengine alikopa, pengine aliacha kununua spea akaishi kwa kuziba viraka tu. Lifuatilieni jambo hilo mpaka mlipate, kisha liandike lote, hata likichukua nusu ya karatasi.

Daftari lisisomwe. Hili nalisema kwa nguvu zote. Wanaodaiwa watakuwa wamekaa humo ndani na watoto wao, wamekuja kumwombea. Baba yenu angetaka kuwataja hadharani angewataja yeye mwenyewe pale sokoni, na siku alizokuwa nazo za kufanya hivyo zilikuwa nyingi. Kisheria madeni hayo ni sehemu ya mirathi. Atayafuatilia msimamizi aliyeteuliwa na mahakama, nyumba kwa nyumba, kwa adabu, na mkitaka kumsamehe mtu warithi wote mkubaliane kwanza. Lakini kabla hujamkabidhi daftari, lisome wewe, ukurasa kwa ukurasa, ukiwa na kalamu. Ukikuta mtu ambaye hakulipa msimu uliopita na bado ameandikiwa tyubu mpya msimu huu, simama hapo. Mtafute, bila kumdai, umuulize kwa nini baba aliendelea kumhudumia. Kwenye wasifu utaandika kisa chake bila jina lake.

Wapwa waandikwe, tena kwa kueleza. Sisi watu wa Kusini tunajua mjomba ana mizigo yake. Nani aliwapeleka jandoni, nani aliongezea kwenye mahari, nani alinunua madaftari? Waje waseme wenyewe, uandike kama walivyosema.

Sasa jambo ambalo hukuniuliza. Katika barua yako yote mama yenu ametokea mara moja tu, kwa neno "mjane". Baba alipokwenda Masasi kuchukua mzigo, nani alikaa dukani? Nani alijua fedha ya spea imewekwa wapi na ya chakula wapi, zisichanganyike? Huenda ni yeye aliyekwenda kuchimba ming'oko, ile mizizi ya porini inayoliwa, akauza barabarani mwaka ule wa malipo kuchelewa, na nyinyi watoto mkadhani ni mapenzi yake tu ya ming'oko. Anza kwake kabla hujaandika hata mstari. Nenda jioni, kazi zikiisha, msikilize bila kumkatiza, na kaka yako awepo.

Kurasa mbili zinatosha. Soma mwenyewe siku ya ibada, usimpe mshereheshaji. Na ukishaandika, msomee mama peke yake kwanza; popote atakaposema "hapa sivyo", futa.