Jibu langu ni stesheni ya Kampala

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: ni jengo gani la mji wako ungependa lijengwe upya, na ni lipi ungependa lisiguswe? Nimekaa na swali hilo siku nne. Kila nikitafuta majengo mawili narudi kwa lile lile moja, stesheni ya reli ya Kampala. Ningependa ijengwe upya, na ningependa isiguswe. Nipeni nafasi nieleze.

Nimezaliwa katika kota za reli, Nsambya. Baba yangu alikuwa gadi wa treni. Alfajiri alitoka na taa yake mkononi, bendera nyekundu na ya kijani amezikunja kwapani, akateremka mlima kwa miguu hadi stesheni. Sisi watoto tulibaki kitandani tukisikiliza. Honi ya kwanza ilikuwa ya injini kujipanga, ya pili ilikuwa ya kuondoka, na mama hakuwasha jiko la chai mpaka asikie ya pili. Alisema akiwasha kabla, baba atarudi kwa jambo alilosahau.

Msomaji wa Mombasa au Tanga huenda akashangaa kumsikia mtu wa Kampala akisema Kiswahili ni lugha ya nyumbani kwao. Shuleni kwetu kilikuwa na sifa mbaya sana. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na watu wengi wa hapa wanakikumbuka kutoka kwenye vizuizi vya barabarani, kikitoka kinywani mwa mtu aliyeshika bunduki. Wenzangu darasani walidhani ninaposema Kiswahili ninawatisha. Sisi tulikipata relini. Baba ni Msamia wa Busia, dereva aliyezoea kusafiri naye alikuwa Mteso, stesheni masta alikuwa Muganda, na fundi wa breki alikuwa Mjaluo ambaye ndugu zake walirudi Kenya baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, yeye akabaki kwa sababu ya mke. Watu hao wangezungumza nini? Kwetu Kiswahili kilikuwa lugha ya kuulizana mabehewa mangapi yamefungwa, breki zimeshika au hazijashika, zamu ya usiku ni ya nani, mtoto wa fulani amepona. Ndiyo maana nikipita pale stesheni leo, hatua chache kutoka Nasser Road kwenye mashine za uchapaji, naona nyumba ambamo lugha yangu ilikuwa na kazi ya maana.

Na jengo hilo lina historia ndefu ya kungoja. Reli yenyewe ilipewa jina la Uganda tangu mwanzo, 1896, kazi ilipoanzia Mombasa. Waliletwa wafanyakazi karibu 32,000 kutoka India, na kiasi cha 2,500 kati yao wakafa. Ilipofika ziwani Kisumu, Desemba 1901, Kisumu ilikuwa bado inahesabiwa kuwa ndani ya Uganda. Mwaka uliofuata mpaka ukasogezwa, na reli ya Uganda ikajikuta imeishia nchi nyingine. Kwa miaka mingi mzigo wa Kampala ulipanda meli Kisumu, ukavuka ziwa hadi Port Bell, na kutoka hapo ukabebwa kupandishwa mjini. Mwaka 1915 kikajengwa kipande kifupi cha reli kutoka Port Bell hadi Kampala. Kwa hiyo treni za kwanza za mji huu zilitoka ziwani, kilomita chache tu. Pwani ilikuwa bado mbali.

Njia kamili ya nchi kavu ilizunguka kaskazini, Nakuru, Eldoret, Tororo, kisha Jinja, na daraja la Nile lilipokamilika treni ikaingia Kampala mwaka 1931. Hapo ndipo mtu aliweza kupanda behewa Mombasa na kuteremka bondeni chini ya Nakasero bila kukanyaga meli. Miaka 25 baadaye, 1956, reli ikaendelea magharibi hadi Kasese kufuata shaba ya Kilembe. Jambo hili watu hulipita haraka, lakini baba alilitaja kila mara: tangu siku hiyo Kampala haikuwa tena mwisho wa reli. Ilikuwa katikati. Mtu wa Kasese mwenye ndugu Tororo alipita pale, akala pale, akalala kwenye mabenchi pale. Baba alisema ungeweza kujua mvua imenyesha Toro kwa kutazama viatu vya walioteremka.

Stesheni inaweza kufa kwa njia mbili, nami nimekwenda kuziona zote mbili.

Ya kwanza iko Namasagali, kando ya Nile, upande wa Busoga. Reli ya Jinja hadi Namasagali ilimalizika 1912, kabla ya Kampala kuwa na reli yoyote. Pamba ya maeneo ya Ziwa Kyoga ilishuka pale kwa meli ikapakiwa kwenye mabehewa. Abiria nao walipanda meli pale kuvuka Kyoga hadi Masindi Port, wakaendelea kwa gari mpaka Butiaba kwenye Ziwa Albert. Kisha zikaja mvua kubwa za mwanzo wa miaka ya 1960. Maji ya maziwa yakapanda, Ziwa Victoria peke yake zaidi ya mita mbili, na bandari ikashindwa. Majengo ya reli yakapewa shule ya sekondari. Shule ni jambo jema, sitasema vinginevyo. Lakini nilisimama pale ambapo reli ilikuwa, nikamuuliza kijana mmoja aliyevaa sare treni ilikuwa inasimama wapi, akanitazama kwa huruma kama mtu aliyepotea njia. Kizazi kimoja kilitosha.

Ya pili ni Jinja. Stesheni ya Jinja tangu 2022 ina makumbusho ya reli, na nawashauri wasomaji waende, wawapeleke na watoto. Vitu vimetunzwa kwa heshima. Nilikaa saa nzima mbele ya taa moja iliyofanana na ya baba. Hata hivyo nilipotoka nilikuwa na huzuni ambayo sikuitegemea. Taa ile haitawashwa tena na mtu anayekwenda kazini. Jinja imepata mlinzi wa kumbukumbu, nami nashukuru, lakini Kampala naitakia zaidi ya hapo. Naitakia watu wenye haraka.

Kwa sababu tumeshaonja Kampala bila abiria. Miaka ya 1990 treni za abiria zilikoma, na kwa muda mrefu stesheni ikawa mahali pa mizigo na ofisi. Baba alikuwa amestaafu. Alikuwa akiteremka pale Jumamosi, anakaa kidogo, anarudi, na hakuna aliyemuuliza alikwenda kufanya nini. Kisha Desemba 2015 treni ya abiria ikarudi, ya asubuhi na jioni, kati ya Kampala na Namanve. Baba wakati huo alikuwa na miaka 74. Akavaa koti lake la zamani, akaniambia, “Mwanangu, nipeleke.” Tukapanda. Watu wengine walitazama madirishani, yeye alifumba macho akasikiliza chini. “Hapa wamekaza vizuri.” Kimya. “Hapa mataruma yamechoka.” Kimya tena. “Hapa kuna maji chini, sikia.” Nakawa, Kireka, Namboole, hadi Namanve na kurudi, baba aliisoma njia nzima kwa masikio. Tuliporudi akamshika mkono gadi kijana, akamsalimia kwa Kiswahili, na yule kijana akamjibu kwa Kiswahili. Sijui kama kijana alielewa kwa nini mzee yule hakuuachia mkono wake upesi.

Baba ametangulia. Hakuona yaliyofuata: treni ile kusimama na kurudi zaidi ya mara moja, wala njia yake ya Kampala kuelekea Mukono kung’olewa na kuwekewa mataruma ya zege. Yale maji aliyoyasikia chini, natumaini wameyapatia mtaro.

Sasa linakuja kubwa zaidi, na ndilo lililonifanya niwaandikie. Oktoba 2024 serikali ilitia saini na kampuni ya Kituruki, Yapi Merkezi, mkataba wa reli ya kisasa kutoka Malaba hadi Kampala, kilomita 272, baada ya mpango wa awali na kampuni ya Kichina kuvunjika. Reli hii ni pana: milimita 1,435 kati ya chuma na chuma, na ile ya zamani ni 1,000. Treni ya njia moja haiwezi kuingia kwenye nyingine. Maana yake kwa abiria ni moja tu: mahali njia hizi mbili zinapokutana, atashuka na kutembea kwa miguu yake, na mizigo yake, na mtoto wake mgongoni. Atatembea hatua 50 au atatafuta bodaboda ya kilomita kumi? Hilo ndilo swali la stesheni, na haliamuliwi na rangi ya ukuta.

Majirani wametupa mifano miwili. Nairobi, tangu 2017, treni ya kutoka Mombasa inaishia Syokimau, nje ya mji, na abiria anahamia treni ndogo ya reli ya zamani ndipo afike katikati. Nimefanya safari hiyo na mama. Alichoka zaidi katika kipande kile cha mwisho kuliko katika safari nzima kutoka pwani. Dar es Salaam walichagua kuleta stesheni mpya katikati ya mji, jirani na ile ya zamani ya reli ya kati, na treni zikaanza kubeba abiria mwaka 2024. Kampuni iliyojenga njia ile ya Dar hadi Morogoro ndiyo hii hii iliyopewa yetu. Kwa hiyo hatuwezi kuambiwa kwamba haiwezekani. Mafundi wanajua kufanya. Kilichobaki ni sisi kuomba kwa sauti, kabla ramani haijakauka wino.

Basi ninaposema ijengwe upya, nasema paa refu linalofunika jukwaa lote, maana mvua ya Kampala haisubiri. Nasema jukwaa lilingane na mlango wa behewa ili mzee asivutwe mkono na mtu mwenye kiti cha magurudumu asibebwe kama gunia. Vyoo safi vyenye maji. Njia ya waenda kwa miguu yenye taa, kutoka stesheni hadi kwenye takisi, ambayo mwanamke anaweza kuipita saa mbili usiku bila kuharakisha. Matangazo yasomwe kwa Kiganda, Kiingereza na Kiswahili. Na pale njia mpya itakapoishia, popote itakapokuwa, reli ya zamani ifike hapo hapo na imrudishe mtu bondeni chini ya Nakasero kwa tiketi ile ile.

Na ninaposema isiguswe, sura ya mbele ya jengo ni sehemu ndogo tu, ingawa nayo naipenda. Zaidi nasema ile haki ya mtu wa kawaida kuingia mjini kwa treni na kuteremka mjini kweli. Ardhi ya katikati ya Kampala ina thamani kubwa, na kila mwaka mtu fulani huona kwamba eneo la reli lingefaa kwa maduka. Ikiondolewa hapo, haitarudi. Hakuna atakayebomoa ghorofa ili kupitisha mataruma.

Anayechora stesheni mpya, ikiwa anasoma ukurasa huu, namwomba kitu kimoja. Aache ofisi jioni moja ya siku ya kazi, aje asimame jukwaani muda mfupi kabla treni ya Namanve haijaondoka. Atamwona mama mwenye kikapu cha ndizi akiuliza kwa Kiganda kama amechelewa, na gadi akimjibu kwa Kiswahili, “Panda mama, bado dakika mbili.” Apime hapo, akiwa amesimama nao.