Farasi 350 wa Chevelle yangu wamekwenda wapi?

SWALI: Fundi, salamu kutoka Houston. Mwaka jana nilinunua Chevrolet Chevelle SS 396 ya 1970, gia otomatiki ya hatua tatu. Kila kitabu kinasema injini yake ina nguvu ya farasi 350. Nimeipandisha kwenye daino, mashine ya kupimia nguvu ya gari, imetoa 221 kwenye magurudumu. Kompresheni nimepima, silinda zote nane ziko kati ya 160 na 170. Shemeji yangu ana Mustang ya V6 ya 2013, farasi 305, na kwenye uwanja wa mbio ameniacha mbali mpaka leo ananitania. Fundi wa huku anasema injini imechoka. Anataka dola 4,500 anifungie kabureta ya 850, kemshafti kali (shafti inayofungua vali) na ekzosi isiyo na silensa, ili farasi warudi. Nimpe?

JIBU: Usimpe, ndugu yangu. Injini ambayo silinda zake zinapishana pauni 10 tu haijachoka, na mtu aliyeona vipimo hivyo akakuambia imechoka ama hajui alichokiona, ama anajua na anahitaji dola 4,500. Hao farasi 129 unaowatafuta hawakupotea. Wengi wao hawakuwahi kufika kwenye magurudumu tangu siku gari hilo lilipotoka kiwandani.

Swali hili naletewa kila mara, na limezidi tangu magari ya misuli ya Marekani, yale ya injini kubwa na mbio, yalipofufuka. Ford ilitoa Mustang yenye sura ya zamani mwaka 2005, Dodge ikarudisha Challenger 2008, Chevrolet ikarudi na Camaro 2009 ikiiita modeli ya 2010. Ghafla baba na mtoto, au wewe na shemeji yako, mna magari ya zama mbili yenye tarakimu zinazofanana, na kila mtu anazilinganisha kana kwamba zimetoka kwenye mzani mmoja. Hazikutoka kwenye mzani mmoja. Hapo ndipo ninapochoka, kwa sababu jambo lenyewe liliwekwa wazi na viwanda zaidi ya miaka 50 iliyopita.

Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970, viwanda vya Marekani vilitangaza nguvu ghafi. Injini ilifungwa peke yake kwenye meza ya maabara, bila gari. Ea klina imetolewa. Alternata na feni hazipo. Badala ya ekzosi ya gari na silensa zake, moshi unatoka kwenye mabomba mapana ya maabara. Taimingi, yaani wakati wa cheche, na mchanganyiko wa mafuta vinachezewa mpaka tarakimu ipande, na hesabu inasahihishwa kana kwamba hewa ya nje ni ya baridi na nzito kuliko utakayoikuta Houston mwezi wa saba. Ni sawa na kupima mahindi pamoja na magunzi yake. Uzito ni wa kweli, lakini huo wote haufiki chunguni.

Mwaka 1971 General Motors, kampuni mama ya Chevrolet, ilichapisha vipimo vyote viwili kwa injini ileile, na kuanzia modeli za 1972 nguvu halisi ndiyo ikawa kipimo cha kawaida Marekani: injini ikiwa na ea klina, alternata, feni na ekzosi yake. Tazama huo mwaka 1971. Injini yao ya LS5, ya inchi za ujazo 454, iliandikwa 365 ghafi na 285 halisi. LT-1 ya inchi 350 iliandikwa 330 na 275. Farasi 80 wameondoka kwenye LS5 na hakuna aliyegusa hata boliti moja. Injini ya familia yako, ikiwa imeshapunguzwa kompresheni mwaka huohuo ili inywe mafuta yenye risasi kidogo, iliandikwa 300 ghafi na 260 halisi. Yako ya 1970 ina kompresheni ya juu zaidi, kwa hiyo niiweke karibu na 275. Toa sehemu inayoliwa na gia otomatiki, shafti na difu, ambayo kwa gia ya zama hizo hufika moja ya tano. Unabaki na 220. Daino yako imesema 221.

Na kwa kuwa tunazungumzia tarakimu, hata hiyo 396 kwenye beji si kweli. Mwaka 1970 Chevrolet ilipanua silinda zikawa inchi 402, ikaacha beji ya zamani kwa sababu ilikuwa imeshapata jina.

Mustang ya shemeji yako ni habari nyingine. Hiyo 305 ni nguvu halisi, na tangu 2005 kuna utaratibu ambao kiwanda kikitaka kutangaza nguvu iliyothibitishwa lazima awepo shahidi asiye wake wakati wa kupima. Injini ya kwanza kupita hapo ilikuwa LS7 ya Corvette Z06, farasi 505. Kwenye magurudumu, V6 ile inakuzidi kwa farasi 40 hivi, gari lake ni jepesi kuliko lako, na gia zake ni sita mbele ya tatu zako. Amekushinda kihalali. Mwache acheke.

Mfano unaonikera kuliko yote ni 425. Hemi, injini ya Chrysler, kampuni mama ya Dodge, ya inchi 426 iliyoingia barabarani 1966 ilitangazwa farasi 425. Challenger SRT8 ya 2008, yenye Hemi ya lita 6.1, nayo ikatangazwa 425. Nimesikia wauzaji wakisema, "Unaona? Miaka 40 na hawajaongeza kitu." Mmoja ni ghafi, mwingine ni halisi. Kisha Camaro SS ikaja na 426, mmoja tu juu ya Dodge, na sidhani kama yupo aliyedhani ni bahati. Ford ilikuwa na 315 kwenye Mustang GT ya 2010, mwaka uliofuata ikaleta injini mpya ya lita 5.0 yenye 412. Kutoka hapo wakapandishana: Camaro ZL1 580, Shelby GT500 662, Hellcat 707 kwenye modeli ya 2015, mpaka Demon 170 ya 2023 iliyofika 1,025, ikinywa E85, mafuta yenye ethanoli nyingi, na si petroli ya kawaida. Mwisho wa mwaka huohuo Challenger na Camaro zote mbili zikasitishwa, Mustang ikabaki.

Najua fundi wako atajibu nini: zamani viwanda vilikuwa vinaficha nguvu. Ni kweli kwa baadhi. Camaro Z/28 ya inchi 302 na Mustang Boss 302, mahasimu wa mbio za Trans-Am ambako injini haikuruhusiwa kuzidi lita 5.0, zote ziliandikwa 290, na hakuna aliyeziendesha akaamini. L88 ya Corvette iliandikwa 430 ilhali ilizidi 500. Lakini hizo zilikuwa injini za mbio zilizovalishwa nambari za barabarani. Ukweli huu sasa umegeuzwa kichaka cha kila mwenye gari kuukuu la kuuza. L34 uliyonayo ilikuwa injini ya kawaida ya SS, si ya siri. Na kuzidisha hakukuisha na zama za ghafi: mwaka 1999 Mustang Cobra ilitangazwa 320, wateja wakaipima, ikapungua, Ford ikasimamisha mauzo na kuyaita magari yakarekebishwe.

Sasa hizo dawa zake. Kabureta kwanza. Chukua inchi 402, zidisha kwa mizunguko 5,500, gawanya kwa 3,456: unapata futi za ujazo 640 kwa dakika, kipimo kilekile cha hiyo 850. Hiyo ndiyo hewa ambayo injini yako ingevuta kama kila silinda ingejaa pomoni, na haijai. Quadrajet iliyotoka nayo kiwandani ina uwezo wa 750, na milango yake mikubwa ya nyuma hujifungua kulingana na hewa inayohitajika. Hiyo 850 itakupa injini inayokwama ukikanyaga mafuta kwenye taa, plagi nyeusi, na harufu ya petroli gerejini kwako.

Kemshafti kali ndiyo inayonitisha. SS ya 1970 ina breki za diski mbele zinazosaidiwa na busta, kifaa kinachozidisha nguvu ya mguu wako, na busta hiyo inaishi kwa ufyonzaji wa injini, ambao kemshafti kali huupunguza. Injini yako ikiwa sailensi, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, geji ya ufyonzaji inapaswa kusimama kwenye inchi 17 hadi 20. Nimeyaona magari yaliyotoka kwa mafundi wa namna hii, sindano inacheza kwenye 9 au 10, muungurumo mtamu kabisa, na ukikanyaga pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Busta nyingi zinataka 16 hivi au zaidi. Hakuna aliyemwambia mwenye gari. Yeye alilipia sauti.

Kukata silensa kutakuongezea kelele kuliko nguvu. Sina zaidi ya hapo.

Ukitaka kutumia pesa kwa faida, anza na distributa, kifaa kinachogawa cheche kwa silinda. Springi za uzito wake huchoka, na taimingi ya jumla isiyofika karibu digrii 36 hukunyima farasi wa kweli kwa gharama ya saa moja ya kazi. Weka oili yenye zinki ya kutosha, kwa sababu kemshafti ya kizamani inasuguana moja kwa moja na tapeti zake na oili nyingi za kisasa zimepunguziwa kinga hiyo. Tia petroli ya 93. Usiione ndogo: sisi tumezoea kusikia 95 kwa kuwa kwetu okteni hupimwa kwa kipimo cha RON peke yake, Marekani pampu huandika wastani wa vipimo viwili, na 91 yao inakaribia 95 yetu. Uwiano wa gia za difu ukiwa ni 3.31, kuupeleka 3.73 utauhisi kuliko kabureta yoyote, ingawa kwenye barabara kuu injini itazunguka zaidi.

Wenye magari mapya msijione mmepona. Kuna vidude vya kuchomeka chini ya dashibodi, vinauzwa kwa bei ya chakula cha mchana, vikiahidi farasi 30 kwa Camaro au Challenger. Nimekifungua kimoja: taa tatu ndogo, kitufe, na chipu ya kuziwasha kwa zamu. Hakizungumzi na kompyuta ya injini kabisa. Marekebisho ya kweli ya kompyuta yapo, lakini hufanywa gari likiwa kwenye daino na kihisi cha mchanganyiko kwenye ekzosi, na mwenye kazi hukupa karatasi.

Karatasi hizo ziwe mbili, ya kabla na ya baada, mashine ileile, siku ileile kama inawezekana. Tazama pembeni pameandikwa usahihishaji gani wa hali ya hewa: SAE au STD, kanuni mbili tofauti. Ya kabla ikiwa SAE na ya baada ikiwa STD, ameshakuongezea asilimia 4 hivi bila kushika spana. Na kama ni kemshafti, mwambie akuandikie na ufyonzaji wa injini ikiwa sailensi. Akikuuliza huo wa nini, chukua funguo zako.